Ukurasa wa Mbooni

Nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo, na nilipofika miaka ishirini na saba, nikiwa nimemaliza chuo na kufanya kazi mahali pawili Nairobi, nilikuwa nazionea fahari. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba mabaya nitakayoyasimulia yalifanywa na kompyuta. Zile kompyuta zilifanya yote niliyoziambia zifanye.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeitwa na hospitali ndogo ya kanisa, upande mkavu wa Kitui, katika mji ambao sitautaja kwa kuwa wengi wa watu wake wako hai na bado tunasalimiana. Hospitali hiyo haikuwa na daktari wa macho. Alikuwapo mmoja aliyekuja mara mbili kwa mwaka, akakaa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, akawapasua wenye mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe unaofunika mboni mpaka mtu asijue aliye mbele yake ni nani. Wagonjwa walitoka kila pembe. Walitoka Kabati, walitoka Mutomo, na wengine walishuka kutoka milima ya Mbooni, ambako ndiko kwetu. Aliyepasuliwa wiki hiyo alirudi nyumbani anaona. Aliyekosa nafasi alingoja miezi sita.

Kwa hiyo orodha ya majina ilikuwa jambo kubwa. Kabla yangu iliandikwa katika madaftari mawili. Moja lilikaa dirisha la getini, walipoandikishwa waliokuja wenyewe, na la pili lilikaa ofisi ya ndani, yalikoingizwa majina yaliyoletwa na wauguzi waliozunguka vijijini. Madaftari hayo yalikuwa yanagombana. Mtu mmoja aliandikwa mara mbili, mwingine aliandikwa huku lakini kule hajulikani. Hospitali ikataka orodha moja, iandikwe na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa chumbani mwake. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta.

Nilipewa kompyuta tatu, kuukuu lakini nzima, zilizotolewa na waumini wa ng'ambo. Moja niliiweka stoo, na ndiyo iliyoshika orodha yenyewe. Ya pili ilikaa getini, ya tatu ofisi ya ndani, na zote niliziunga kwa waya mmoja mweusi uliopita juu ya milango na kutoboa ukuta wa plaiwudi. Orodha niliigawa kwa kurasa, kila eneo na ukurasa wake. Mwandishi akitaka kuandika mtu wa Mbooni, kompyuta yake huomba ukurasa wa Mbooni kutoka stoo, hupewa nakala, yeye huongeza jina, kisha nakala hiyo hurudishwa na kuchukua mahali pa ukurasa wa zamani. Siku nilipowaonyesha wakubwa wa hospitali jina lililoandikwa getini likitokea kwenye kioo cha ofisi ya ndani, mzee mmoja wa kanisa alivua kofia. Nilijisikia vizuri sana.

Lakini mpango wangu ulikuwa na tundu, na tundu hilo nililijua. Tuseme waandishi wawili wamechukua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana nakala yenye watu sita. Wa kwanza anaandika mtu wa saba, anarudisha. Wa pili, ambaye nakala yake bado ina watu sita, anaandika mtu wake wa saba, anarudisha. Nakala ya pili inakalia ya kwanza, na yule wa saba wa kwanza anapotea kimya kimya, kana kwamba hakuwahi kuja. Hakuna taa inayowaka wala kengele inayolia. Kila mwanafunzi wa kazi yetu hufundishwa jambo hili, na dawa yake hufundishwa pia, kwamba ukurasa ukichukuliwa utiwe kufuli mpaka urudishwe. Kuitengeneza kufuli hiyo na kuijaribu kungehitaji siku zaidi ya nilizokuwa nazo. Nilikuwa nimebakiwa na siku nne kabla uandikishaji kuanza, na nilikuwa nimeahidi mbele ya watu.

Basi nikatumia sauti. Ule ukuta wa plaiwudi kati ya getini na ofisi ya ndani ulikuwa na kidirisha cha kupitishia karatasi. Niliweka kanuni. Kabla ya kuchukua ukurasa, ita jina lake kwa sauti kupitia kidirisha: "Mbooni!" Mwenzako kama hana, atajibu, "Chukua!" Kama anao, atasema, "Ngoja!" Kule Nairobi nilikuwa nimewaacha vijana wawili wakipigiana kelele hivyo kutwa nzima, na hakuna jina lililowahi kupotea. Niliwaeleza waandishi wangu, kila mmoja mezani pake, nao wakaitikia kwa kichwa. Kisha nikakusanya yale madaftari nikayafungia stoo, nikatangaza kwamba kuanzia siku ile kilichomo kwenye kompyuta ndicho kilichopo. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Getini alikaa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mwalimu wa shule ya Jumapili. Ofisi ya ndani alikaa mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa shule, kiongozi wa akina mama kanisani, na vidole vyake kwenye vitufe vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Niligundua mapema kwamba hawa wawili hawasalimiani. Mama akipita kwenye veranda, kijana alikuwa na kitu cha kutazama upande wa pili. Kijana akiingia chumba cha chai, mama aliinuka na kikombe chake, hata kama alikuwa ndiyo kwanza ameketi. Na sikuwahi kuwasikia wakiitana kupitia kile kidirisha. Nikajua wana ugomvi, na hasira zangu zikaniambia la kufanya. Nilimwita kila mmoja peke yake nikamfokea juu ya kubeba chuki katika nyumba ya Mungu.

"Hakuna shida, madam," kijana alisema, akitazama viatu vyake.

Mama naye alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga droo yake polepole. "Sisi hatuna vita, msichana wangu. Kazi si inaenda?"

Kazi ilikuwa inaenda kweli. Sikuuliza inaendaje.

Jumatatu ya wiki ya daktari, benchi za veranda zilijaa tangu alfajiri. Karibu saa tatu niliitwa getini. Alikuwapo susu mmoja mwembamba, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, mkono wake umeshika bega la mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa na kadi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Ilikuwa imeandikwa Mbooni, namba saba. Nilitazama orodha. Mbooni namba saba alikuwa mzee mwanamume, na wakati ule alikuwa ameshalazwa kwenye meza ya daktari.

"Susu, hii kadi umeitoa wapi?"

"Nilipewa hapa."

"Na nani?"

"Mimi sioni, msichana wangu. Mtu alinipa akaniambia nisipoteze. Sijapoteza."

"Namba hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko ndani. Labda mliiokota."

Mjukuu akaja juu. "Tuliokota? Nimeshusha huyu mzee kwa ile milima, ameanguka mara mbili kwa njia, ndio nije kuokota kadi?"

"Kompyuta haidanganyi," nilisema, na nilisema kwa sauti ya kusikika benchi zote, kwa kuwa nilikuwa nimepandwa na hasira na kwa kuwa nilikuwa naamini. Wanaoona wakageuka kuwatazama. Wasioona wakageuza vichwa upande ule.

Yule susu hakubishana nami. Alisema tu kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuuma, na kwamba muuguzi aliyekuja kijijini alimwambia lile halifai kukaa sana. Kisha akauliza mahali pa kuketi. Mjukuu akampeleka benchi ya mwisho, kule mwisho wa veranda, nami nikarudi stoo kwenye mashine yangu. Lafudhi yao ilikuwa ile ya marehemu nyanya yangu mzaa baba. Hilo lilinigusa kidogo, na nikalisukuma kando.

Jumanne walikuwa bado wamekaa pale. Jumatano, saa nne, yule mama aliyepika chai na kupiga deki aliniletea kikombe. Kwa kawaida aliweka akaondoka. Siku hiyo alisimama.

"Madam, wale watu wa Mbooni unawaonea. Hiyo kadi ni mwandiko wa mama wa ofisi. Mimi siwezi kosa kuijua, ndiye huniandikia barua."

Nilitoka nikaenda kuiomba ile kadi. Mjukuu alinipa bila kuinua macho. Niliipeleka ofisi ya ndani, na mama hakuhitaji hata kuvaa miwani.

"Ni yangu. Muuguzi wa vijijini alimleta mwenyewe, ile Alhamisi kulikuwa na watu wengi. Niliandika jina, kompyuta ikaniambia ni wa saba, nikaandika saba."

Nikaenda getini. Kijana naye alimkumbuka mzee wake vizuri, mzee aliyekuwa na bakora yenye shaba, na alikuja Alhamisi hiyo hiyo. Kompyuta ilimwambia ni wa saba, naye akaandika saba.

"Uliita Mbooni kabla ya kuchukua ukurasa?"

Akaanza kupanga kadi zake tupu.

"Nakuuliza. Uliita, ukajibiwa chukua?"

"Madam," alisema mwishowe, "hiyo uliza mama wa chai."

Nilikaribia kupasuka. Chai inahusiana vipi na ukurasa? Lakini nilikwenda jikoni, na nilipomwambia yule mama nilichoambiwa, alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Kwani hujui? Huyo kijana ameoa msichana wa dada ya mama wa ofisi. Huyo ni mama mkwe yake! Sasa atamwita aje kwa hiyo shimo ya ukuta, 'Mbooni! Mbooni!' kama mtu anaita mbuzi? Na mama naye amjibu 'Chukua!'? Asi! Si hiyo boma itahama."

"Sasa wiki zote hizi wamekuwa wakifanyaje?"

"Si ni mimi. Kijana ananiambia, 'Mama, niulizie kama Mbooni iko bure.' Naenda na kikombe, nauliza. Mama ananiambia, 'Mwambie achukue.' Narudi na kikombe, namwambia. Ndio unaona hao watu wanakunywa chai mingi hivyo."

"Na ile Alhamisi?"

Akaacha kucheka. Akachukua kitambaa akapangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Hiyo Alhamisi nilikuwa matanga ya shangazi yangu, Kabati."

Kwa Kikamba huitwa nthoni. Ni aibu na heshima katika neno moja, na hapana mahali inapokaa kwa uzito kuliko kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Hesabu yake haiishii kwa mama aliyemzaa mke. Dada zake nao ni mama wakwe. Mimi pia ni Mkamba, lakini nililelewa Nairobi na sikuwa nimeolewa, kwa hiyo niliyajua mambo haya jinsi mtu anavyoyajua ya harusini, ya kuchekea. Hawa wawili walikuwa watu wa wokovu, na mhubiri alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba hayo ni ya kale. Waliitikia amina, kisha wakaendelea kupishana. Nami nilikuwa nimewafokea juu ya chuki. Katika jengo lile zima hapakuwa na watu wawili walioheshimiana kuliko wao.

Walikuwa wameipokea kanuni yangu bila neno, maana kukataa kungewalazimu kueleza, na kueleza kwenyewe kungekuwa aibu. Wakatafuta njia yao, na ilikuwa njia nzuri. Mimi nilikuwa natamba na waya wangu mweusi, kumbe mtandao wenyewe ulikuwa mama mmoja mwenye trei. Alipokwenda kuzika shangazi yake, ukurasa mmoja ulichukuliwa na watu wawili, na mtu wa saba wa kwanza akafutika.

Nilikwenda kwa muuguzi mkuu wa macho nikamwambia yote. Nilitegemea anifokee. Alinisikiliza huku akihesabu dawa za matone.

"Orodha imejaa hadi Ijumaa," alisema. "Lakini kila mara kuna mtu anashindwa, presha au kikohozi. Wa kwanza kushindwa, nafasi yake naipa huyo susu. Mwambie tu asiondoke."

Nilisema nitamwambia. Kutoka chumba chake hadi benchi ya mwisho ni mwendo wa dakika moja, na katikati upo mlango wa stoo. Niliingia stoo.

Nataka kueleza jambo hili sawasawa. Sikumsahau. Nilijiambia nitaenda kwake nikiwa na kitu mkononi, nimwambie kosa nimeliona na nimeliziba, halitampata mwingine. Yaliyo chini ya maneno hayo ni kwamba nilikuwa naogopa uso wa yule mjukuu. Kompyuta haikuwa na uso. Nikakaa mbele yake nikaanza kutengeneza ile kufuli niliyotakiwa kuitengeneza tangu mwanzo, nayo ikanimeza Jumatano yote na Alhamisi yote.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu, sitadanganya. Ukitaka ukurasa wa Mbooni, kompyuta yako kwanza hujaribu kuweka alama pale stoo, faili tupu yenye jina la ukurasa. Ikifaulu, ukurasa ni wako. Ikikuta alama ipo tayari, hungoja. Ukirudisha ukurasa, alama hufutwa. Tatizo lilikuwa umeme ukikatika mtu akiwa ameshika ukurasa, alama ingebaki pale na ukurasa ungefungwa milele, kwa hiyo nikaipa kila alama saa yake ya kufa. Nilikimbia kati ya vyumba viwili nikijaribu kujinyang'anya ukurasa mwenyewe, na kila mara nilishindwa, na kila nikishindwa nilifurahi. Wale wanaopita walidhani nimerukwa na akili.

Alhamisi alasiri niliwaachia waandishi waijaribu. Haikupita nusu saa, mama wa ofisi akasimama mlangoni pa stoo, hataki kuingia.

"Msichana wangu, hii kompyuta yako inaniambia jina la mtu."

Nilikuwa nimeandika kwamba anayengoja aonyeshwe jina la aliyeshika ukurasa. Lilikuwa wazo zuri kabisa, na katika chumba kile lilikuwa sawa na kumfanya mama mkwe amtaje mkwe wake. Nililiondoa pale pale. Badala yake nikaweka maneno haya: Ngoja kidogo, ukurasa unatumika. Nani anautumia, kompyuta haikusema tena. Mama alikwenda kujaribu, akarudi, akasema asante, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale alinigusa mkono. Nilidhani siku imeisha vizuri.

Ijumaa saa tatu asubuhi muuguzi mkuu alinikuta veranda. "Mzee mmoja amelala akikohoa, daktari hawezi kumfungua jicho. Niletee susu wako."

Nilikwenda karibu nikikimbia. Kwenye benchi ya mwisho alikaa mama mwingine na mfuko wa viazi vitamu. Nilimuuliza waliokuwa pale wako wapi.

"Walienda jana mchana. Kulikuwa na lori inapanda huko kwao. Yule msichana alisema wamechoka kuangaliwa kama wezi."

"Hakuna mtu aliyewaambia wangoje?"

"Nani angewaambia?"

Nafasi ile ilipewa mzee wa Kabati. Mimi nilirudi stoo, nikakaa kando ya ile kompyuta iliyokuwa sasa inafanya kazi bila dosari, nikalia.

Ningeweza kwenda kumtafuta. Mbooni ni kwetu, nina baba wadogo kule, nazijua njia zile za miteremko na wakati wa maembe na wakati wa maharagwe. Nilikwenda mara moja kabla ya Krismasi, nikalala kwa baba mdogo siku mbili, na sikuuliza habari za susu yeyote. Nilichofanya ni kumpa muuguzi wa vijijini barua na kadi mpya, niliyoiandika kwa mkono wangu, na kumwagiza aisome mbele ya mjukuu. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye ukurasa. Nililitazama kila wiki, kama lipo.

Miezi sita baadaye walikuja. Nilimwona akipita veranda amejifunga leso kichwani, amepungua, anatembea akitanguliza mguu mmoja kupima chini. Daktari alimpima Jumatatu, na jioni nikamuuliza muuguzi mkuu. Aliniambia bila kuzunguka. La kulia litaona. La kushoto lilikuwa limepanda presha ndani wakati wa kungoja, mshipa wake umekufa, na hakuna wa kuufufua. Nikamuuliza kama mara ile lingepona. Alisema, "Mara ile lilikuwa linauma. Linalouma bado liko hai."

Walimpasua Jumanne. Jumatano asubuhi ilikuwa ya kufungua bandeji, nami niliomba niruhusiwe kuwapo. Nilisimama nyuma, karibu na mlango wa wodi. Mjukuu alikuwa ameketi miguuni pa kitanda. Aliniona na hakunisalimia, na sikumlaumu.

Muuguzi aliondoa pamba polepole, akapangusa, akainua vidole.

"Susu, hivi ni ngapi?"

"Viwili. Na una pete."

Wodi nzima ikacheka. Mjukuu alifunika mdomo kwa kanga, mabega yake yakatetemeka. Susu akageuza kichwa huku na huku, akatazama dirisha, akatazama blanketi, akatazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili. Kisha akagusa shavu la kushoto.

"Na hili lingine mbona hamlitengenezi?"

Muuguzi alimtazama mjukuu, mjukuu akatazama sakafu. Nikaona kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba kila mmoja anangoja mwenzake. Nilitoka pale mlangoni nikapiga hatua mbele.

"Hilo limekufa, susu," nilisema. "Lilikufa ukingoja. Mara ile ulikuwa umeandikwa, na jina lako likapotea kwa sababu yangu. Halafu nikasema umeokota kadi, mbele ya watu. Halafu nafasi yako ikapatikana, na ulikuwa umeondoka, kwa sababu niliagizwa nikuambie ungoje na sikuja."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, ukurasa, nakala, Alhamisi ile. Hayakutoka, na nadhani hayakuwa na maana kwake.

Aliinamisha kichwa upande wa sikio.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Kuja hapa kwa mwanga."

Nilisogea hadi kando ya kitanda. Alinyoosha mkono, akanishika kidevu kwa vidole vikavu, akaugeuza uso wangu kuelekea dirishani. Akaanza kuutazama kwa lile jicho lake moja, bila haraka, paji la uso, pua, mdomo. Nilingoja anilaani, au aniambie yameisha, maana moja kati ya hayo lingeniruhusu kurudi kazini. Alirudi kwenye paji la uso. Machozi yalinijia, nikataka kuinama niyafute.

Vidole vyake vikakaza kidevuni.

"Usiiname," alisema. "Bado naangalia."